Tochi Haitoshi Mlangoni mwa Shule

JICHO LA MARA
Na Bhoke Wambura

Basi linalotoka Mwanza kwenda Sirari hupita katikati ya mji wa Bunda, kisha Kiabakari na Makutano, wilayani Butiama. Barabara hiyohiyo ndiyo wanayoivuka watoto wa shule za msingi asubuhi, wengi bila mkubwa, maana mzazi ameshawahi shamba au mwaloni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidishe kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Trafiki anaisimamia kwa tochi ya kupima mwendo, na faini ni Sh30,000. Sina ugomvi na trafiki. Lakini hawezi kusimama kila shule, na madereva hupigiana taa: wakimkaribia wanapunguza, wakishampita wanakanyaga mafuta. Mtoto anayetoka darasani mchana haikuti tochi hiyo.

Tena hiyo 50 yenyewe ni kubwa mno mbele ya shule. Kwa mwendo huo gari hula karibu mita 14 kila sekunde, kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki. Kwa kilomita 30 ni mita nane. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulihimiza hiyo 30 iwe ndiyo ukomo mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana.

Halmashauri isituambie kwamba mwendo wa magari ni kazi ya polisi. Kumkamata dereva, sawa. Lakini shule ni za halmashauri. Hata Mwisenge, pale Musoma, Mwalimu Nyerere alipoanza masomo mwaka 1934, ilikuwa shule ya mamlaka ya wenyeji. Mwenye shule ana wajibu wa kumfikisha mtoto hadi ng'ambo ya barabara.

Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya kazi hiyo shule kwa shule: matuta, vivuko, njia za miguu, na penye ulazima geti likahamishiwa upande wenye magari machache. Watoto waliojeruhiwa walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Tuta halipigiwi taa, wala haliendi likizo.

Fedha? Tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa Sh100 zaidi kwa ajili ya barabara za TARURA. Bodaboda wa Musoma anailipa kila anapojaza mafuta. Barabara kuu ni ya TANROADS, na hapo diwani hana koleo. Ana kalamu na ana kikao.

Waheshimiwa madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama, kabla hamjapitisha bajeti ijayo, daini orodha ya shule zote zilizo kando ya lami katika kata zenu. Kisha muwaite mameneja wa TARURA na TANROADS waseme mbele ya wananchi ni lini kila moja itapata tuta, kivuko na kibao cha 30.