TUSINUNUE SPEA KWA KUBAHATISHA

Masika iliyopita gari moja la abiria lilikuwa likija Kilindoni kutoka upande wa Kirongwe. Ndani yake alikuwamo mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya wilaya, mkwe wake, abiria wengine sita na magunia ya nazi. Mwandishi wa safu hii alikuwa mmoja wa hao sita. Katika kona yenye mchanga, mwendo ukiwa mdogo kama wa punda aliyechoka, gurudumu la mbele la kushoto lilikunjika likalala chini ya bodi. Hakuna aliyeumia. Mama yule alishushwa, akakalishwa kivulini, na ikapita saa nzima na zaidi hata likapatikana gari jingine. Mtoto alizaliwa salama, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu; lakini kila aliyesimama njiani siku ile alijua anachokihofia.

Tungependa kulisema jambo hili kwa haki. Dereva yule hakuwa mzembe kwa maana tuliyoizoea. Gari lake lilikuwa likigonga chini tangu Mfungo Sita, naye alishughulika. Alinunua shokomzoba mbili mpya, zikaletwa kutoka Dar es Salaam. Kugonga hakukwisha. Akaambiwa kwamba zile zilikuwa bandia, akanunua nyingine mbili. Kugonga hakukwisha, zilizokwisha ni fedha. Kilichoachia siku ile ni boljointi ya chini, yaani kile kifundo kinacholiunganisha gurudumu na mkono wake, kitu ambacho kwa gari kama lile bei yake ni ndogo kuliko ya shokomzoba moja. Mtu alitumia fedha za kulitengeneza gari mara kadhaa, na gari halikutengenezwa hata mara moja.

Ndiyo maana tunasema kwamba maradhi ya magari yetu chakavu hayatokani na ubahili wala umaskini peke yake. Yanatokana pia na kubahatisha. Sauti husikika, mtu akakisia, spea ikaagizwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayekisia vibaya, hasara yake aghalabu ni ya mchana mmoja: atarudi Kariakoo, mtaa wa Gerezani, atabishana na muuzaji na pengine atabadilishiwa. Kwa mkazi wa Mafia, kosa hilohilo ni simu, nauli, mzigo wa kuvushwa kutoka Nyamisati, na gari kulala juu ya mawe wiki nzima ilhali wagonjwa, wanafunzi na samaki wanangoja.

Magari yenyewe nayo yana udhuru. Mengi yalitumika Japani kwa miaka kumi au zaidi, yakatumika tena bara, ndipo yakavuka kuja kwetu. Yakishuka hapa hukuta chumvi ya bahari, ambayo hula chuma cha springi na nati usiku na mchana, gari likiwa linakwenda au limelala. Kisha kuna njia za udongo na mchanga, zenye mashimo ambayo kila masika huyapanua. Si ajabu gari la kisiwani kulia. Kinachotushangaza ni jinsi tulivyoizoea sauti hiyo, hata dereva akaona dawa yake ni kuongeza sauti ya redio.

Chuoni, tulipokuwa watoto, mwalimu wetu alikuwa akikaa barazani na kutusikiliza watoto zaidi ya thelathini tukisoma kwa pamoja, kila mmoja sura yake. Mtoto wa safu ya nyuma akikosea herufi moja, mwalimu alimwita kwa jina bila ya kugeuza shingo. Tulidhani ni karama. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa anajua kila herufi hutokea wapi kinywani, basi sikio lake lilijua pa kwenda. Gari nalo lina makhraji yake. Anayeijua sauti na mahali inapotokea hana haja ya kukisia.

Kabla ya kufungua nati yoyote, gari na litolewe kila kilichomo: jeki, spana, tairi la akiba, madumu na chupa zilizosahauliwa chini ya viti. Mafundi waliokomaa watathibitisha kwamba kelele nyingine zinazoitwa za springi ni za jeki iliyolegea, au bomba la moshi linalopiga bodi. Likishatolewa vitu hivyo, liendeshwe polepole juu ya matuta madogo, madirisha wazi, mtu wa pili akitembea kandoni. Sauti husafiri ndani ya bodi. Iliyo nyuma huweza kusikika kama iko chini ya miguu ya dereva, na sikio lililo nje hudanganyika kwa taabu zaidi.

Mgongo wa haraka haraka, mwepesi na mkavu, kwenye vijishimo vidogo, mara nyingi hutoka kwenye vijiti vya stebilaiza au bushi zake. Kishindo kizito cha mara moja gari linapotumbukia shimoni huelekeza kwenye shokomzoba iliyokufa au raba ya juu inayoishikilia. Bonyeza pembe ya gari kwa nguvu uiachie: ikipanda na kushuka mara mbili tatu kabla ya kutulia, shokomzoba imekwisha, na ukiona mafuta yanachuruzika mwilini mwake, huna haja ya ushahidi mwingine. Lakini yafaa ieleweke kwamba gari kutulia mara moja hakuthibitishi kwamba shokomzoba ni nzima. Mlio wa kukwaruza, mfano wa kitanda cha kamba, ni wa bushi za raba zilizokauka. Huo una kipimo kisichogharimu kitu: mwagia maji bushi moja baada ya nyingine huku mtu akilitikisa gari. Ile ambayo ikilowa hunyamaza, ndiyo. Wapo wenzetu wanaomwaga mafuta ya injini yaliyotumika, na hapa kisiwani hata mafuta ya nazi. Hayo hunyamazisha kwa siku chache, kisha huilainisha raba na kuiharibu.

Uvumi unaokua kadiri mwendo unavyokua si wa springi bali wa beringi ya gurudumu. Gari likipinda kulia na uvumi ukaongezeka, itazamwe beringi ya kushoto, kwa kuwa uzito umehamia huko. Na mlio wa tak-tak usukani unapokatwa mpaka mwisho ni wa sivi jointi, ambayo kwa kawaida kava lake la raba hupasuka kwanza na kuingiza mchanga.

Boljointi tumeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo inayoua. Gurudumu linyanyuliwe kwa jeki na gari lizuiwe kwa stendi imara, maana hakuna ruhusa ya mtu kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, msaidizi akanyage breki kwa nguvu. Mchezo ukitoweka, shaka ni ya beringi. Ukibaki, itazamwe boljointi. Kisha lishikwe kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huelekeza kwenye tairodi. Kazi hii yote ni ya chini ya nusu saa. Laiti ingefanywa kwa gari lile la Kirongwe, zisingeagizwa shokomzoba nne.

Lipo kosa jingine ambalo ndugu zetu mafundi hawana budi kulisikia kwetu bila ya kukasirika. Bushi mpya za mikono hufungwa gari likiwa limenyanyuliwa na magurudumu yananing'inia, nati zikakazwa hapo hapo. Gari likishushwa, mkono hupanda na raba hujisokota kabla hata ya safari ya kwanza. Baada ya miezi michache imechanika, na lawama humwendea muuzaji wa Dar es Salaam. Nati hizo huwekwa kwa kulegea, gari likashushwa likasimama kwa uzito wake, ndipo zikakazwa. Hili halihitaji mtambo wowote wa kigeni.

Tunajua jibu ambalo wananchi wengi watatupa: itengenezwe barabara kwanza. Madai hayo ni ya haki, na TANROADS na TARURA, kila mmoja kwa barabara zake, hawana sababu ya kuyaona kuwa ni kelele. Lakini tusijidanganye kwamba lami itaponya gari bovu. Boljointi iliyolegea, ikiachia katika mchanga kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hulilaza gari. Boljointi hiyohiyo ikiachia kwenye lami ya kwenda Utende, kwa mwendo wa kilomita 80, habari yake ni ya msikitini na makaburini. Kadiri barabara zetu zinavyokuwa nzuri, ndivyo gari bovu linavyozidi kuwa la hatari.

Kwa upande wa Serikali, tunayo machache ya kusema. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikwisha kuharamisha kuendesha gari bovu barabarani, kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Tunaomba kwamba ukaguzi wa magari ya abiria hapa wilayani usiishie kwenye taa, honi na wipa. Gurudumu la mbele linyanyuliwe na litikiswe. Askari mmoja mwenye jeki na stendi anaweza kukagua magari mengi kwa siku. Halmashauri nayo ingejenga shimo la ukaguzi la saruji hapa Kilindoni, liwe wazi kwa mafundi wote kwa ada ndogo, kwa maana fundi anayelala chali mchangani chini ya mwembe hawezi kuona kila anachotakiwa kuona. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini. Utaratibu huo uletwe huku kwetu kwa wiki mbili tatu, badala ya kumtaka kijana aifunge kazi yake na kuvuka bahari.

Wala magari ya umma yasiachwe nyuma. Kila dereva wa Serikali hujaza daftari la safari: kilomita, mafuta, mahali alikokwenda. Iongezwe safu moja ya sauti, na mkuu wa idara aisome kabla ya kutia sahihi. Sisi tulio katika Chama tumepanda mara nyingi magari yanayogonga, tukiwa njiani kwenda kuwahimiza wananchi juu ya utunzaji wa mali ya umma, na hatukumwuliza dereva hata neno moja.

Gari lile la Kirongwe limekwisha kutengenezwa na limerudi kazini. Boljointi ya kushoto ni mpya. Ya kulia, kwa habari tulizopewa na mwenyewe juma lililopita, bado ni ile ile ya zamani.