Picha ya Bongo na Lawama ya Ulozi

Kuna watu wanaosema, "Kwa nini kutoa feza nyingi kwa picha ya bongo, kama munganga hana dawa ya kuponya mtoto?" Sisi tunasema picha ile ina faida, hata pasipo dawa. Sikia sababu.

Kuna ugonjwa unaoitwa adrenolekodistrofi. Haupatikani mara nyingi. Waganga Siemerling na Creutzfeldt wa Ujerumani waliandika habari zake mwaka wa 1923. Mara nyingi unashika bongo la mtoto mwanaume wa miaka 4 hata 10. Alikuwa na akili shuleni. Sasa anasahau, hasikii vema akiitwa, anajikwaa, macho yanafifia, tabia inageuka. Majirani wanasema, "Ni mlozi," ao, "Mama yake amemloga."

Mashini ya IRM inapiga picha kwa nguvu ya sumaku, pasipo kukata ngozi. Picha inaonyesha kwamba mafuta yanayofunika nyuzi za bongo yameharibika, mara nyingi upande wa nyuma. Munganga anaonyesha jamaa kwa kidole: ugonjwa ni huu.

Mama anaweza kuwa na asili ya ugonjwa huu mwilini pasipo kujua. Kila mtoto wake anaweza kuirizi ao kutoirizi, nusu kwa nusu. Hakuichagua. Basi asifukuzwe.

Tena, ndugu za mtoto wapimwe damu. Yule mwenye asili ile akipigwa picha mara kwa mara, uharibifu unaonekana mbele ya dalili. Ndipo inawezekana kumtia uboho wa mtu mwingine. Mwaka wa 1990 waganga wa Ufaransa waliandika juu ya mtoto aliyesaidiwa hivi. Ugonjwa ukikawia, kazi hiyo haifai. Lakini wengi wanapungukiwa na nguvu ya tezi zilizo juu ya figo, na kwa hiyo vidonge vinaokoa maisha yao.

Sheria ya Congo ya mwaka wa 2009 ya kulinda watoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Naye Yesu, alipoulizwa kama ni kipofu ao wazazi wake waliofanya zambi, alikataa yote mawili.

Mashini iko mbali, na safari ni ya bei. Kwa hiyo, mashemasi, badala ya kumwita mtoto mbele ya kanisa aungame ulozi, pitisheni kikapu cha sadaka, apelekwe kwa munganga.