Pesa za Mtoto Si Mshahara wa Mke Aliyeondoka

Keti kwenye kituo chochote cha kununulia majani chai, kuanzia Githongo hadi Rukuriri, bonasi ikikaribia, nawe utasikia kauli hii: "Aliondoka mwenyewe. Mbona nimlipe?" Wanaosikia hutikisa vichwa kukubali, hata wazee tunaowaheshimu. Mtoto hatajwi, kana kwamba naye alimwacha baba yake.

Imani kwamba matunzo ya mtoto ni malipo ya mwanamke ni uongo, na wanaoulipia ni watoto.

Uongo huu ni wa zamani. Mwaka 1959 ilipitishwa sheria iliyomruhusu mama ambaye hajaolewa kumshtaki baba wa mtoto wake na kudai matunzo. Mwaka 1969 wabunge wa Kenya huru waliifuta, wengine wakidai kuwa wasichana wameigeuza kitega uchumi. Katiba ya 2010 ndiyo iliyosema waziwazi katika Kifungu cha 53: mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 ikautilia mkazo wajibu huo. Haki hii ni ya mtoto. Mama hana ruhusa ya kuisamehe kwa hasira, wala baba kuizuia kwa kuwa amenyimwa nafasi ya kumwona mwanawe. Akinyimwa, aende mahakamani adai kumwona. Tumbo la mtoto lisiwekwe rehani.

Wanaume hulalamika pia kwamba mke aliyeondoka anakula jasho lao. Ngoja tulizungumzie hilo jasho. Mama ndiye aliyedamka alfajiri, kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na kichipukizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Karani akapima, kilo zikaingia kwenye nambari ya mkulima. Nambari hiyo mara nyingi ni ya mume, kwa kuwa shamba alipewa na baba yake. Wakikosana, mama huondoka na watoto na mfuko wa nguo. Nambari inabaki. Kilo alizochuma kabla ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi Juni hulipwa bonasi Oktoba, yeye akiwa kwao, na pesa zote huingia kwenye akaunti ya mume. Huyu ndiye anayeitwa mla jasho la mwenzake!

Kisha kuna wale wanaotuma shilingi 3,000 kwa mwezi kwa watoto wawili na kuuliza zimeenda wapi. Gawanya. Ni shilingi 50 kwa mtoto kwa siku: unga, mboga, sabuni, daftari, viatu, dawa ya kifua msimu wa baridi. Anayeshuku kwamba mama anazitumia vibaya alipe karo shuleni moja kwa moja na kununua sare mwenyewe. Hakuna anayemkataza. Na wako akina mama wenye kipato waliowaachia baba watoto na kunyamaza kabisa; sheria ni ile ile kwao.

"Sina mshahara," wengine hujitetea. Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, viongozi na wakulima wa Embu walisimama kulitetea zao hilo wakisema ndilo linalowalisha na kuwasomesha watoto wao. Niliwaamini, na bado nawaamini. Basi limsomeshe na mtoto anayelala kwa nyanya yake huko Siakago. Miraa ya Igembe nayo vivyo hivyo, na kahawa, na makadamia. Mahakama haihitaji hati ya mshahara ili kujua kwamba mtu ana mali, na inaweza kuagiza matunzo yalipwe kwa mkupuo badala ya kila mwezi. Kwa mkulima anayepata pesa kwa msimu, mpango huo ndio unaofaa: kiasi kidogo kila mwezi cha chakula, halafu fungu kubwa bonasi ikitoka, kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Kwa hiyo afisa wa watoto au chifu akiwaita wazazi waliotengana mezani, asianze kwa kuuliza nani ameajiriwa. Aulize nambari ya mkulima ina jina la nani, kilo ngapi zilipimwa mwaka huu, na bonasi iliingia benki gani.