Mzigo uliolala miaka 15

Wapo wanaoamini kuwa bidhaa isiyotoka haraka ni hasara. Bendi ya American Football ya Illinois, Marekani, inaonyesha vingine.

Mwaka 1999 vijana hao watatu, wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, walitoa albamu yao ya kwanza kupitia Polyvinyl, kampuni ndogo inayojitegemea. Mwaka uliofuata bendi ilivunjika. Muziki wao wa emo haukufuata soko: magitaa yanayopokezana taratibu, ngoma zenye hesabu ngumu, tarumbeta, na baadhi ya nyimbo zisizo na maneno kabisa.

Hata hivyo, wasikilizaji waliendelea kupashana habari. Bendi iliporudi jukwaani mwaka 2014 ilikuta mashabiki wengi kuliko iliowaacha. Albamu za 2016 na 2019 zilipanua sauti ile bila kuitupa. Mpiga besi aliongezwa, na waimbaji kama Hayley Williams wakaalikwa.

Mfanyabiashara wa mpakani anajua tofauti ya nyanya na nondo: mmoja ni mzigo unaooza, mwingine husubiri bei. Anayepima kazi ya msanii kwa mauzo ya msimu mmoja huenda anatupa nondo akidhani ni nyanya.