Wekundu wa Mpungate na Wekundu wa Mdudu Wake

Mama mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza: je, ile rangi nyekundu itiwayo katika peremende na mtindi wa watoto, ambayo ameambiwa kuwa yatoka kwenye mpungate, yafaa kuliwa? Swali lake lataka kupambanua, kwani katika mti huo hupatikana wekundu wa namna mbili, na wengi huuchanganya.

Mpungate ni katika jamaa ya dungusi kakati, na asili yake ni Amerika. Waarabu huliita tunda lake tini shauki, yaani tini ya miiba. Tunda likiiva, mti wenyewe hulitengenezea rangi. Ile nyekundu yaitwa betanini, nayo ndiyo iliyomo katika bitiruti. Ya manjano yaitwa indikazanthini. Wataalamu wa Italia waliitenga mwaka 1964, na jina lake limetokana na jina la kitaalamu la mti huu. Hizi ni rangi za mmea tu, wala hatuoni shaka ndani yake.

Wekundu wa pili si wa mti. Yuko mdudu mdogo aitwaye kochinili, aishiye kwa kufyonza maji ya mpungate. Mwilini mwake hutengeneza asidi ya kaminiki, ambayo humkinga na maadui kama sisimizi. Watu wa Meksiko na Peru walitia nguo zao rangi kwa mdudu huyu zamani kabla ya kufika Wahispania, na hata leo Peru ndiyo itoayo kwa wingi. Hukaushwa, kisha husagwa; ratili moja yataka wadudu wapatao 70,000! Rangi yake, iitwayo kamini, huandikwa E120 katika paketi, na ile ya bitiruti huandikwa E162. Basi mama na atazame nambari, asitazame picha ya tunda.

Ama hukumu, wanavyuoni wengi, na miongoni mwao wa madhehebu ya Imam Shafi ifuatwayo sana katika pwani yetu, hawaruhusu kula wadudu wa namna hii. Wamaliki wana wasaa zaidi. Mwenye kutaka undani zaidi na amuulize sheikh wake.

Atakaye wekundu wa tunda nyumbani, kwanza alisugue vizuri, kwani lina vimiiba vyembamba kama nywele ambavyo huingia vidoleni na ulimini. Kisha alimenye, aliponde, achuje mbegu, akamulie ndimu. Asiichemshe rangi hiyo, kwani moto huififisha. Aitie katika sharubati au katika uji uliokwisha poa. Wala watoto wasitumwe kuchuma bila ya mkubwa: mnyaa wa uani, ambao baadhi ya watu hudhani ni dungusi kakati, una utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huunguza vikali.