UKEREWE HAIKUJAA, NJIA NDIYO FINYU

Juma hili twataka kusema na wasomaji wetu habari ya Ukerewe. Tutaanzia mbali, huko Marekani, na msomaji atuvumilie kidogo, maana tutarudi ziwani upesi.

Katika majimbo 50 ya Marekani, lililosongamana watu kuliko yote ni New Jersey. Ni jimbo dogo, limebanwa kati ya bahari na mito miwili, na nchi kavu yake ni kama kilometa za mraba 19,000. Watu walipohesabiwa mwaka 2020 walikutwa zaidi ya 9,280,000. Gawa hesabu hiyo, utapata watu kama 490 katika kila kilometa ya mraba. Huko Marekani hakuna jimbo linalofikia hapo.

Sasa itazame Wilaya ya Ukerewe. Ukiisoma katika vitabu vya Serikali utaona imeandikwa kilometa za mraba 6,400, ukadhani ni nchi pana. Lakini sehemu tisa katika kumi ni maji. Nchi ya kukanyaga ni kilometa 640 tu, nayo imegawanyika visiwa zaidi ya 30, vikubwa vyake vikiwa ni Ukerewe yenyewe na Ukara. Katika Sensa ya mwaka 2022 watu walikuwa zaidi ya 387,000. Gawa mwenyewe, ndugu msomaji. Ni watu zaidi ya 600 katika kilometa moja ya mraba, hali nchi nzima ya Tanzania haifiki 75. Mtu wa New Jersey angeshuka gatini Nansio angesema kwao kuna nafasi.

Tofauti iko hapa. Hakuna anayemwambia mtu wa New Jersey kuwa kwao kumejaa, ahame. Mtu wa Ukerewe huambiwa. Tumelisikia neno hili katika ofisi, na (tuseme kweli) tumelisikia hata katika mikutano yetu wenyewe: visiwa vimejaa, ardhi imechoka, vijana wavuke wakatafute mashamba bara. Wengi wamekwisha vuka. Hatumkatazi mtu kwenda atakako, nchi ni yake yote. Tunachokataa ni kuona kuhama kukifanywa jibu la kwanza, na watu kuhesabiwa kama mzigo uliozidi.

Wanaosema hivyo waende Ukara wakaone. Kisiwa kile hakifiki kilometa za mraba 100, nacho kimelisha watu wengi tangu kabla ya Mjerumani na Mwingereza kufika. Wakara hawakungoja bwana shamba awafundishe. Ng'ombe wao huwafunga ndani, katika zizi lililochimbwa, wakawakatia majani na kuwaletea. Samadi haipotei hata kidogo, hubebwa kichwani mpaka shambani. Kando ya ziwa huchimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo yapate maji mwaka mzima. Penye mteremko hupanga mawe udongo usishuke. Katika uwele hupanda marejea, kisha huyafukia ardhini yawe mbolea, na msimu mwingine huleta njugumawe. Mti una mwenyewe, hata kama umesimama katika shamba la mwingine. Wataalamu wa Kizungu walipofika katika miaka ya 1930 waliandika habari hizi kwa mshangao.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wataalamu waliliona, nasi twalipenda kuliko yote. Mkara yule yule akivuka kwenda bara, akapata ardhi tele, huacha ile kazi ya samadi na mawe, akalima kama jirani zake. Basi ustadi ule haukuletwa na mbegu wala mashine. Uliletwa na watu kuwa wengi na ardhi kuwa kidogo. Ukimwambia ahame, umeutupa ustadi wake.

Twarudi New Jersey mara moja. Jina la utani la jimbo lile ni Jimbo la Bustani, kwa sababu wakulima wake walizoea kulisha miji mikubwa miwili, New York upande mmoja na Philadelphia upande wa pili. Ardhi yao haikuongezeka. Kilichoongezeka ni njia. Zamani mtu wa New Jersey aliyetaka kufika New York na mboga zake alingoja pantoni mtoni, kama tungojavyo sisi. Mwaka 1927 lilifunguliwa pango la magari chini ya mto Hudson. Mwaka 1931 likaja daraja kubwa juu ya mto huo huo, na mwaka 1937 pango la pili. Mkulima akawa na hakika kwamba mchicha aliochuma jana utakuwa sokoni leo.

Mkulima wa Ukerewe hana hakika hiyo. Ana machungwa, ana muhogo na mpunga. Mvuvi ana dagaa na sangara. Soko liko Mwanza, safari ya saa tatu hivi kwa meli kutoka Nansio, au avuke Rugezi hadi Kisorya kisha ashike barabara ya Bunda. Chombo kikiharibika, machungwa hayangoji fundi. Mlanguzi anajua hivyo. Huja shambani mapema, akataja bei yake, na mkulima huikubali kwa kuwa ziwa limesimama nyuma ya mlanguzi kama shahidi wake. Mgonjwa wa kupelekwa Bugando naye hupiga hesabu hiyo hiyo ya chombo na saa.

Na kuna hesabu nyingine, ambayo hatuandiki kwa furaha. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora siku ya soko kuelekea Ukara. Kilikuwa cha abiria 101. Kilibeba zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na magunia na mizigo, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa zaidi ya 220. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia wakafa. Baada ya msiba wa Ukara Serikali ilijenga kivuko kikubwa zaidi, na twashukuru. Lakini watu hawakujaa katika MV Nyerere kwa sababu ya ujinga. Walijaa kwa sababu chombo kilikuwa kimoja, na aliyeachwa gatini hakuwa na namna nyingine ya kulala kwake usiku ule.

Watatuambia kwamba daraja ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Hata hivyo, tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilometa tatu juu ya maji ya ziwa hili hili, na gari la Sengerema sasa hupita kwa dakika chache mahali ambapo watu walikuwa wakikesha foleni. Wahandisi wamekwisha jifunza tope la ziwa letu. Mlango wa maji kati ya Rugezi na Kisorya si bahari. Twataka Rugezi iwe ndiyo ifuatayo katika orodha, na si mahali pa kutajwa wakati wa kampeni tu.

Mwaka 1787, Wamarekani walipokuwa wakiandika katiba yao, wajumbe wa New Jersey walisimama wakasema kwamba jimbo dogo lisipopewa sauti sawa na kubwa litamezwa. Hawakupata yote waliyotaka, ila hata leo New Jersey ina wajumbe wawili katika Baraza la Seneti, sawa na California. Hawakupewa kwa hisani.

Kwa hiyo twawaomba madiwani wa Ukerewe, na wanachama wanaowachagua, wasingoje daraja ndipo waanze kusema. Katika kikao kijacho cha halmashauri waulize mambo matatu. Ni siku ngapi mwaka uliopita kivuko cha Rugezi na cha Ukara havikufanya kazi, na kwa nini? Siku ya soko la Bugolora, nani anahesabu abiria, na ana mamlaka ya kumzuia nahodha? Na kivuko cha akiba kiko wapi? Majibu wayaandike, yabandikwe gatini Nansio na Bugolora, penye dirisha la tiketi, abiria wayasome wakiwa wamesimama foleni.