Nyumba za Mizingani Haziuawi na Bahari

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu nipate kujibu maneno niliyoyasikia mara nyingi mno, ofisini na barazani, juu ya njia ya Mizingani katika mji wa Unguja. Husemwa kwamba yale majumba ya pwani yanakufa kwa sababu ya bahari: chumvi yala chuma, kusi na kaskazi zapiga kuta, na mwanadamu hana la kufanya ila kuwaita wenye fedha waje wavunje, wajenge na kupamba. Mimi nakataa. Bahari ilikuwapo kabla ya majumba hayo, na waliojenga waliijua kuliko tuijuavyo sisi.

Kwa wanachama walio bara ambao hawajafika Unguja nitaeleza kidogo. Njia hiyo yatoka bandari ya Malindi, yapita mbele ya Dispensari ya Zamani iliyoanzwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, yapita ule mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, Forodha ya zamani, Jumba la Sultani, kisha Beit al-Ajaib, hata kufika Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698. Mbele ya Ngome ndipo Forodhani. Hapo palikuwa mahali pa kushushia bidhaa na kulipia ushuru, na hapo karibu ndipo ilipoanzia reli ya Bububu. Mwaka 1936 pakafanywa bustani kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa. Yeyote afikaye kwa chombo huyaona majumba haya yote safu moja kabla hajakanyaga nchi kavu.

Sasa tuitazame Beit al-Ajaib peke yake, maana ndiyo inayotuhusu sisi makarani. Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa sherehe na fahari, kwa nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, nayo ikawa nyumba ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga Jumba la Sultani kwa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wa upande wa Seyyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikabomoka, na mnara uliokuwa mbele yake ukaharibika. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama, na baadaye ikaongezewa mnara wa saa usoni pake. Toka mwaka 1911 ikawa ofisi kuu za Serikali. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wa kazi yetu walipanda ngazi zile kila asubuhi, kalamu mfukoni na jalada kwapani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa chuo cha siasa, kisha nyumba ya makumbusho.

Basi nyumba hiyo iliyovumilia mizinga, ni nini kilichoishinda? Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka, na milango ikafungwa kwa wageni. Katika orodha yake ya mwaka 2014, chama cha World Monuments Fund cha New York kiliitia miongoni mwa mahali penye hatari duniani. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani kazini, upande wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Toka 2012 hata 2020 ni miaka minane. Nawauliza wale wanaoilaumu bahari: je, chumvi yake ilizidi katika miaka hiyo minane?

Fundi ye yote mzee wa Mji Mkongwe atakueleza jinsi nyumba ya namna ile inavyokufa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, au kwa majumba makubwa na vyuma. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likiwaka. Hiyo ndiyo afya yake. Mtu akija na saruji akaupiga lipu ili upendeze upesi, maji hufungiwa ndani, na ukuta huoza kama jino chini ya kifuniko cha dhahabu. Paa likivuja, maji huteremka mpaka kwenye ncha ya boriti iliyozamishwa ukutani, mahali pasipoonekana na jicho, na hapo ndipo ubovu huanzia. Chuma nacho kikilowa hushika kutu. Kutu huvimba, na kikivimba hupasua kilichokizunguka. Dawa ya mwanzo ya haya yote ni kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika, kubadili boriti moja leo na nyingine mwakani, na kupaka chokaa. Ni kazi ya ngazi, ndoo na mafundi wawili watatu. Lakini hakuna mkubwa aliyewahi kualikwa kukata utepe kwa sababu mfereji wa paa umezibuliwa.

Na hapa, ndugu makarani, tusijifanye wageni wa jambo hili. Twaijua safari ya barua isemayo “paa linavuja”. Hufika masijala, hupigwa muhuri, hupewa nambari, hutiwa katika jalada. Hupanda kwa mkubwa, naye huandika pembeni, “Tafadhali shauri.” Huenda idara ya pili, hukaa mwezi, hurudi na maneno, “Hakuna fungu.” Huwekwa iletwe tena baada ya miezi mitatu, na baada ya miezi mitatu mkubwa amehamishwa, na mpya ataka aelezwe tangu mwanzo. Muda huo wote maji hayangojei sahihi. Sisemi ni ofisi gani. Kila msomaji anayo yake.

Wapo watakaonijibu kwamba kazi kubwa zimefanywa pwani ile toka Mji Mkongwe ulipoandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ni kweli, wala sina haja ya kuzidharau. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya kwa fedha za Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya katika mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 2011, na kama usingejengwa njia yenyewe ingaliingia majini. Jioni watu hukaa pale na watoto wao, na vijana huruka baharini kutoka ukutani kwa vifijo; ni furaha isiyolipiwa ada. Lakini tazama vizuri: kila moja ya kazi hizo ina mwanzo na mwisho, ina mfadhili au mkopeshaji, na ina siku ya kukabidhi. Siku ya pili yake ni ya nani? Jiwe la ukuta mpya likilegea, fungu lake liko ukurasa gani wa makadirio?

Wengine hujibu, “Basi apewe mwenye hoteli, ataitunza.” Mambo Msiige, kule Shangani, palifunguliwa hoteli mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilinung'unika sana juu ya ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa ubavuni. Mwenye hoteli si mtu mbaya. Yeye hutunza kile ambacho mgeni wake hukiona, na hupanua pale penye faida. Hiyo ni biashara. Ila pwani ya wote ikiisha kupimwa kwa vyumba vya kulala, raia hubaki kuitazama kutoka upande wa pili wa ua.

Na msiniambie kwamba Serikali haina fedha. Kujenga upya kilichoanguka ni ghali mara nyingi kuliko kukizuia kisianguke, na wale marehemu wawili hakuna hazina iwezayo kuwalipa. Tena wageni wanaokuja Unguja kwa maelfu huja kutazama nini, kama si majumba haya haya?

Mtazameni mzee Dispensari, jirani yao. Nayo ilikuwa imechakaa, ikatengenezwa katika miaka ya 1990, na haikufungiwa kufuli ikaachwa na popo. Ngome Kongwe vile vile imejaa watu, wauzaji wa mchana na ngoma za usiku. Penye watu, tone la kwanza la maji huonwa na mtu. Kwa hiyo nasema majumba ya Mizingani yatumiwe: makumbusho, madarasa, maktaba, hata ofisi zenye makarani wanaokohoa vumbi. Kila jumba liwe na fungu lake la matengenezo katika makadirio ya kila mwaka, fungu lisilohamishiwa safari wala samani. Na kila jumba liwe na daftari mlangoni, ambamo mtumishi mmoja, jina lake likijulikana, ataandika kila juma hali ya paa, mifereji, boriti na kuta, na raia ye yote aruhusiwe kulifunua na kulisoma.

Daftari hilo nimekwisha kulipiga mistari kwa mfano, kurasa nne tu. Nakusudia kulileta mbele ya mkutano mkuu, na mwanachama atakaye nakala kabla ya siku hiyo na aniandikie kwa njia ya Mhariri.

Mimi ni,
Karani wa Masijala.